Mwaka wa Tatu wa Mwalimu: Nani Aamue Abaki au Arudi?

Mwalimu wa kigeni anayefundisha shule ya msingi au sekondari nchini Marekani kwa viza ya mabadilishano ya J-1 anajua hesabu yake tangu siku anayopanda ndege. Ana miaka mitatu. Ikiisha, anaweza kuongezewa mwaka mmoja au miwili, jumla mitano, kisha ni lazima aondoke. Kabla ya kanuni mpya za mwaka 2016 mitatu ndiyo iliyokuwa kikomo, na tangu zilipoanza kutumika nyongeza hiyo imekuwa tumaini la walimu wengi kutoka Ufilipino, Jamaika, Hispania na Kolombia, na kwa idadi ndogo zaidi kutoka Kenya na majirani zake. Lakini mwalimu mwenyewe hawezi kuiomba. Ombi hupelekwa na mdhamini, yaani shirika lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuendesha programu. Mdhamini naye hutegemea barua ya shule mwenyeji inayoeleza jinsi mwalimu alivyofanya kazi. Wizara ndiyo inayoamua. Mwalimu ambaye maisha yake yanaamuliwa, na shule aliyotoka, ambayo kwa mujibu wa jina la programu ni upande wa pili wa mabadilishano, hawana sauti yao katika faili hilo. Naona miaka hiyo miwili inafaa kutolewa kwa wepesi kuliko ilivyo sasa, ila iombwe na mwalimu mwenyewe na mwajiri wake wa nyumbani apewe nafasi ya kusema neno. Bila hivyo kinachoongezwa ni mkataba wa kazi tu, na mabadilishano yanabaki kwenye karatasi.

Programu yenyewe ilizaliwa na sheria ya mwaka 1961 inayofahamika kwa majina ya wabunge wawili, Seneta J. William Fulbright na Wayne Hays, ambayo Rais John F. Kennedy aliitia sahihi Septemba mwaka huo. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kuongeza maelewano kati ya watu wa Marekani na watu wa nchi nyingine. Chini ya viza hiyo moja leo wanaingia watafiti, madaktari wanaosomea ubingwa, wanafunzi, walezi wa watoto na walimu. Masharti ya walimu yanaonyesha kwamba waliotunga kanuni hawakusahau shabaha hiyo. Mwalimu awe na shahada, awe na uzoefu usiopungua miaka miwili, na kwa kawaida awe bado anafundisha nchini kwake wakati anaomba. Nafasi anayopewa Marekani ni ya muda hata kama kiti chenyewe ni cha kudumu, wala haiwezi kumpeleka kwenye ajira ya kudumu. Kila mwaka wa masomo anatakiwa kufanya angalau shughuli moja ya kuwaeleza wanafunzi, shule au jamii habari za nchi yake, na angalau nyingine moja ya kuwakutanisha wanafunzi wa Marekani na wanafunzi wa nchi nyingine, ikiwezekana wa shule aliyotoka, kwa njia ya mtandao au vinginevyo. Nasisitiza hili la pili, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake.

Shule za Marekani, kwa upande wao, huwachukua walimu hawa kwa sababu iliyo wazi: zina upungufu. Hisabati, sayansi, elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu na lugha ya Kihispania ndiyo masomo yanayokosa watu, na wilaya za vijijini pamoja na zile za mijini zenye watoto wengi maskini ndizo zinazokosa zaidi. Hakuna aibu katika hilo. Mkuu wa shule mwenye madarasa manne yasiyo na mwalimu wa hisabati ana wajibu wa kumtafuta popote alipo. Ila barua inayoandikwa na mkuu huyo katika mwaka wa tatu haiwezi kukwepa kuandikwa kwa jicho la upungufu. Akipata mwalimu mzawa kwa nafasi ileile, sababu ya kuandika inapungua. Bajeti ikikatwa, inatoweka kabisa. Wakati wa janga la UVIKO-19 serikali kuu ya Marekani ilizipa shule msaada wa dharura wa takriban dola bilioni 190, na mwisho wa kuzitolea ahadi fedha za awamu ya mwisho ulikuwa Septemba 2024. Baada ya hapo wilaya nyingi zililazimika kupunguza nafasi. Mwalimu aliyefika mwaka 2022, akafanya kila alichotakiwa, akaunganisha darasa lake la Arizona na darasa lake la zamani la Iloilo au Machakos, anaweza kunyimwa nyongeza kwa sababu ya fungu la fedha ambalo halihusiani hata kidogo na kazi yake. Mwenzake ambaye hakufanya chochote cha mabadilishano zaidi ya kuonyesha picha za mavazi siku moja ya Novemba anaweza kuongezewa kwa kuwa somo lake halina mtu. Kanuni inataka barua itaje shughuli za utamaduni, ni kweli. Inayozitaja ni shule yenye njaa ya walimu, nayo inajihukumu yenyewe.

Mpangilio huo unamnyamazisha mwalimu. Ombi linatakiwa kumfikia mwamuzi miezi mitatu kabla nyongeza haijaanza, na kwa kuwa programu nyingi huisha katikati ya mwaka, uamuzi wa shule hufanyika kati ya Januari na Machi. Kwa miezi mingi kabla ya hapo mwalimu anajua kwamba kila mzozo na uongozi unaweza kumgharimu miaka miwili ya maisha. Darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, saa za ziada zisizolipwa, nyumba ya kupanga aliyotafutiwa kwa bei ya juu: yote anayabeba. Historia ya karibu inatosha kuonyesha mwisho wa njia hiyo. Walimu wa Kifilipino wapatao 350 walioajiriwa katika shule za umma za Louisiana kuanzia mwaka 2007 walitozwa na wakala takriban dola 16,000 kila mmoja, na Desemba 2012 baraza la mahakama ya shirikisho huko California liliamuru walipwe dola milioni 4.5. Hao walikuwa na viza ya kazi ya H-1B, si J-1, na sidai kwamba kila mdhamini wa J-1 ni wakala wa aina hiyo. Wengi ni mashirika ya heshima. Nachukua funzo la utaratibu wenyewe. Walimu wale walikaa kimya kwa muda mrefu kwa sababu anayewadai ndiye aliyekuwa na usemi juu ya kuhuishwa kwa viza zao. Sheria inayompa mtu mwingine peke yake ufunguo wa kuendelea kukaa kwako haihitaji mtu mbaya ili ilete madhara. Inatosha awe mtu mwenye shughuli nyingi.

Wapo wanaotaka tatizo hili limalizwe kwa kufuta nyongeza, warudi kwenye miaka mitatu ya zamani. Hapo siungani nao, na sababu yangu ya kwanza ni watoto. Mwaka wa kwanza wa mwalimu mgeni unakwisha katika kujifunza mambo ambayo hayamo katika somo lake: mitihani ya jimbo, leseni ya ualimu ya jimbo hilo, mzazi anayeandika barua pepe saa nne usiku na kutaka jibu asubuhi, lafudhi ya watoto na lafudhi yake mwenyewe, namna ya kumkanya mtoto mahali ambapo kwa kawaida fimbo na kupiga magoti havitumiki. Mwaka wa pili anaanza kufundisha kwa kujiamini. Wa tatu ndio bora, na ndio wa kuaga. Utafiti wa Matthew Ronfeldt, Susanna Loeb na James Wyckoff uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wanafunzi wa darasa la nne na la tano wa jiji la New York kwa miaka minane, ulionyesha kwamba walimu wakibadilikabadilika shuleni matokeo ya wanafunzi yanashuka, na madhara ni makubwa zaidi katika shule zenye wanafunzi wengi wenye ufaulu wa chini na weusi. Hizo ndizo shule zinazochukua walimu wa J-1. Kumtoa mwalimu aliyekwisha kuivuka miaka migumu na kumleta mwingine aanze upya ni kuwapa watoto wale wale maskini mwalimu wa mwaka wa kwanza tena na tena.

Sababu ya pili inatuhusu sisi tunaobaki huku. Mwalimu anayekaa miaka mitatu anarudi na alichokiona. Anayekaa mitano anaweza kurudi na alichokiendesha. Chukua elimu ya watoto wenye ulemavu. Sheria ya Marekani inataka kila mtoto wa aina hiyo awe na mpango wake ulioandikwa, unaotaja malengo yake, msaada atakaopewa na namna ya kupima maendeleo, nao ujadiliwe na wazazi angalau mara moja kwa mwaka. Mwalimu mgeni katika mwaka wake wa kwanza anaambiwa aketi kwenye kikao asikilize. Katika wa nne anaweza kuwa ndiye anayekiongoza. Shule zetu, ambazo zimetangaza elimu jumuishi katika sera huku mwalimu mmoja akiwa na watoto sitini au zaidi darasani, zingefaidika na mtu aliyeendesha vikao hivyo na anayejua pia ni sehemu ipi ya utaratibu ule inawezekana pasipo fedha za Marekani na ipi haiwezekani. Ujuzi wa kuchuja namna hiyo haupatikani kwa kutazama.

Faida hiyo, hata hivyo, inakuja tu ikiwa kuna mahali pa kurudi na watu wanaomngoja. Hapa nairudia ile shughuli ya kuwakutanisha wanafunzi. Carolina Kaskazini, wakati wa majira ya baridi, iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa nane. Arizona iko nyuma kwa saa kumi mwaka mzima. Darasa la Arizona likianza saa mbili asubuhi, Nairobi ni saa kumi na mbili jioni. Ili watoto wa pande mbili wazungumze uso kwa uso, mkuu wa shule ya huku lazima akubali kuwabakiza wanafunzi mpaka magharibi, wazazi wajue, mtu awasindikize, kompyuta iwe na moto na mtandao ulipiwe. Mwalimu aliyeondoka bila mkuu wake kujua anakwenda wapi na kwa muda gani hawezi kuyapanga hayo akiwa ng'ambo. Atafanya kinachowezekana: barua chache, video iliyorekodiwa, kisha atajaza ripoti ya mwaka na mambo yataishia hapo. Nia njema ya mwalimu inavunjwa na kanuni inayodai ushirikiano wa shule ya nyumbani huku ikiwa haijamuuliza mtu yeyote wa shule hiyo.

Kwa hiyo ningependa faili la nyongeza liwe na karatasi mbili zaidi. Ya kwanza ni ombi la mwalimu mwenyewe, analolipeleka moja kwa moja kwa mdhamini kabla mwaka wa pili haujaisha, akieleza anataka mwaka mmoja, miwili, au hataki kabisa, na mdhamini alazimike kulifikisha wizarani pamoja na maoni ya shule, yawe mazuri au mabaya. Shule ikikataa kuendelea naye, apewe muda wa kutafuta shule nyingine chini ya mdhamini yuleyule kabla ombi halijafa. Ya pili ni taarifa ya mwajiri wa nyumbani: tunamtambua, tumeshirikiana naye katika shughuli hizi, nafasi yake ipo au haipo, na akirudi tunatarajia afanye nini. Kwa karatasi hizo mbili afisa anayesoma faili ataona kwa mara ya kwanza kama kilichofanyika miaka mitatu ni mabadilishano au ni ajira.

Pingamizi zito kuliko yote huku kwetu ni kwamba tunapunguza walimu wetu wenyewe. Lina uzito kwa sababu ya sharti nililolitaja: programu haichukui mhitimu asiye na kazi, inachukua aliye darasani na mwenye uzoefu. Anayeondoka ni yule ambaye mkuu wa shule angependa abaki. Lakini tutazame upande wa pili wa hesabu. Kenya ina walimu wengi mno waliosajiliwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, wanaongoja ajira kwa miaka. Tanzania nayo kila tangazo la nafasi za ualimu linavuta waombaji maradufu ya nafasi zilizopo. Madarasa yetu yanakosa walimu kwa kuwa bajeti haina nafasi, huku watu waliosomea kazi hiyo wakiuza vocha na kuendesha bodaboda. Mwalimu akiondoka kwa likizo bila malipo, mshahara wake unaachia fungu ambalo linaweza kumlipa mmoja wa wanaongoja, kwa mkataba wa muda unaolingana na muda wa aliyeondoka. Hilo haliwezekani leo kwa sababu mwajiri hajui kama aliyeondoka anarudi baada ya miaka mitatu au mitano, na wengi wanaishia kuhesabiwa watoro na kufukuzwa. Taarifa ya mwajiri katika faili la nyongeza ingeliondoa fumbo hilo mapema. Kwa masomo ya hisabati na fizikia, ambako wasio na ajira nao ni wachache, nakubali kwamba pengo halizibiki kirahisi. Na hapo mwajiri awe huru kuandika kwamba anamhitaji mtu wake.

Wengine watasema miaka mitano si mabadilishano tena, ni uhamiaji uliovishwa joho. Wanasahau vizuizi viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa, hata na walimu wenyewe. Kipo cha kanuni za programu: aliyemaliza muda wake kama mwalimu wa J-1 lazima akae nje ya Marekani miaka miwili kabla ya kuweza kurudi tena kama mwalimu wa J-1. Na kipo cha sheria ya uhamiaji, katika kifungu cha 212(e), ambacho humhusu aliyegharamiwa na serikali, daktari aliyekwenda kusomea ubingwa, au mtu ambaye ujuzi wake umo katika orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake. Huyo hawezi kupata ukaazi wa kudumu wala viza ya H-1B mpaka akae nchini kwake miaka miwili au apate msamaha. Orodha hiyo ilirekebishwa Desemba 2024, mara ya kwanza tangu 2009, na nchi nyingi ziliondolewa, kwa hiyo kila mwalimu aisome upya badala ya kutegemea alichoambiwa na waliomtangulia. Nyongeza haifuti kizuizi chochote kati ya hivyo viwili. Inarefusha ukaaji halali na unaojulikana mwisho wake. Pia shinikizo la shule kwenye J-1 litaongezeka: tangu Septemba 2025 Marekani imeweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi hiyo, kiasi ambacho hakuna wilaya ya shule ya kijijini inayoweza kukimudu. Kadiri J-1 inavyogeuzwa kuwa mlango pekee wa ajira, ndivyo inavyohitaji kulindwa ibaki mabadilishano. (Wenzetu wanaokwenda kufundisha Kiswahili vyuoni kwa mpango wa Fulbright wako katika utaratibu mwingine, wa mwaka mmoja wa masomo, na haya ya nyongeza hayawahusu.)

Juu ya walimu wa Kimarekani na vyama vyao vinavyohofia mishahara kushushwa, nitasema kwa ufupi. Kanuni tayari inataka nafasi ya mwalimu mgeni iheshimu mkataba wa pamoja wa chama cha walimu pale ulipo. Mwalimu anayeweza kuomba nyongeza mwenyewe ni mgumu zaidi kutumiwa kushusha mshahara wa jirani yake wa darasa la pili, kwa hiyo vyama hivyo vina sababu ya kuunga mkono pendekezo hili.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi halitoki Washington. Linatoka katika korido za ofisi zetu. Mwajiri wa nyumbani akipewa karatasi ya kusaini, nani atahakikisha afisa hatailaza mezani kwa miezi sita, au hatadai kitu kidogo ili aipeleke? Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kwamba taarifa ya mwajiri isiwe kibali. Iwe maoni. Apewe siku thelathini tangu siku anayoipokea. Zikipita kimya, faili liendelee bila yake na ukimya wake uandikwe kama ukimya, si kama kukataa. Afisa anayejua kwamba kuchelewa kwake hakuzuii kitu hana cha kuuza. Na mwajiri anayejali mtu wake ana sababu ya kujibu, kwa kuwa ndiyo njia yake pekee ya kujua mtu huyo anarudi lini. Sauti ya mwisho juu ya kutaka kubaki ibaki kwa mwalimu.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mwalimu aombe kwa mkono wake, nayo imekuwa kali zaidi katika miezi ya karibuni. Watu wengi huiita nyongeza hii kuongeza viza, lakini viza haiongezwi. Kinachoongezwa ni fomu DS-2019 inayotolewa na mdhamini, ambayo humruhusu mwalimu kuendelea kukaa na kufundisha. Muhuri uliogongwa kwenye pasipoti ubalozini una tarehe yake na unaweza kuwa umekufa zamani. Akiwa ndani ya Marekani, hana shida. Akitoka kwenda kumzika mzazi, kurudi kunahitaji muhuri mpya, mahojiano mapya na ada mpya. Kwa Mrundi mlango huo umefungwa tangu Juni 2025, Marekani iliposimamisha viza za J kwa raia wa Burundi pamoja na za utalii na masomo. Kwa Mtanzania umefungwa tangu Januari 2026, nchi yake ilipoongezwa katika orodha ya nchi zilizosimamishiwa viza hizo. Aliyekuwa na viza hai siku hiyo hakuguswa, ila ikiisha hana ya kuihuisha. Mwalimu wa Kitanzania anayeongezewa miaka miwili leo anaweza kuwa anakubali miaka miwili ya kutoiona nyumba yake, kutozika, kutoozesha, na kama mwenzi na watoto wamebaki, kutowalea. Mkuu wa shule ya Tucson, Arizona, hawezi kulipima hilo kwa niaba yake katika barua ya ukurasa mmoja. Haki ya kuomba ni pia haki ya kutoomba pasipo kuonekana mvivu au msaliti wa wanafunzi.

Yapo pia mapendekezo ya Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ya Agosti 2025, yanayotaka wenye viza za J waache kuruhusiwa kukaa kwa muda wote wa programu yao na badala yake wapewe tarehe maalumu isiyozidi miaka minne, na anayetaka zaidi aombe kwa idara ya uhamiaji. Kwa mwalimu mwenye nyongeza ya miaka miwili maana yake ni lango la pili la kupita juu ya lile la mdhamini. Katika ombi la namna hiyo mwalimu ndiye anayesimama mbele ya afisa. Itakuwa jambo la ajabu kumtaka ajitetee mbele ya idara ya uhamiaji huku wizara inayoendesha mabadilishano ikiwa haijawahi kumuuliza anataka nini.

Kanuni za Marekani hatuzitungi sisi, lakini sehemu ya pendekezo hili haihitaji ruhusa ya Washington. TSC ya Kenya, ambayo ni tume ya kikatiba, na kwa Tanzania Tume ya Utumishi wa Walimu pamoja na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), zinaweza kuanza mwaka huu kumpa kila mwalimu anayekwenda kwa J-1 barua ya likizo bila malipo yenye tarehe mbili: ya miaka mitatu, na ya mitano endapo ataongezewa. Barua iseme nafasi yake itajazwa kwa mkataba wa muda, na kwamba miaka ya ng'ambo itahesabiwa katika kupanda daraja. Imtaje mkuu wa shule atakayeshirikiana naye katika mikutano ya madarasa kwa mtandao, pamoja na saa na siku. Mwalimu aibebe nakala ya barua hiyo, na mwaka wa tatu ukifika amwombe mdhamini aiambatishe kwenye ombi. Kanuni haitaki kiambatisho hicho, wala haikikatazi, na afisa wa Washington atakayekikuta katika faili moja, kisha katika la pili na la kumi, atakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini mafaili mengine hayana.